Kiufunguo cha Meza ya Dirishani

Tarehe 9 Januari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Mafua yaliyonikalia tangu mwezi uliopita kama mgeni asiyejua kuaga yameondoka yenyewe. Shangazi hajambo? Sikio lake la kushoto bado linachagua maneno ya kusikia? Mwambie kofia aliyonifumia naivaa kila siku, mpaka hapa kazini wananiita Mzee wa Kofia.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Tumeshajaribu, dada. Kwenye simu wewe unanikata kauli, mimi nakukata kauli, mwisho mmoja anakata simu yenyewe. Kwenye barua mtu anamaliza kusema. Basi niache nimalize.

Nina swali la kazi. Nataka kompyuta ya chumbani, moja tu, ya kazi na ya mambo yangu. Ofisini kwetu tuko wachoraji wa ramani kumi na wanne, na wote tunachorea Mac. Kwa mwaka na nusu nimeshaizoea. Nikichukua Mac nitaweza kumalizia kazi za ofisi nikiwa chumbani. Nikichukua ya Windows nitaweza kufungua michoro yetu, yako na yangu, ile tuliyochora pamoja miaka kumi na miwili. Unaweza hata kuwa unanitumia ramani mwisho wa wiki, nachora, nakurudishia. Nimefikiri mpaka kichwa kinaniuma. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika kipanya. Ungekuwa mimi ungechukua ipi?

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu. Dirisha linatazama ukuta wa ghala, na ukutani kuna mabomba matatu. La katikati limepinda. Juu yangu anakaa mtu ambaye kila siku saa kumi na mbili jioni anavuta kiti, kisha kimya. Sijawahi kumwona uso.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Mrefu


Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku sita kwa sababu mwenye funguo za masanduku alikuwa likizo. Shangazi ni mzima. Nilipomsomea kwamba siku hizi unaitwa Mzee wa Kofia, yeye akasikia mzee amekufa. Alilia, Mrefu! Ilibidi nimwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ndipo akanyamaza na kuniuliza kwa nini namtisha.

Haya, swali lako. Mac niliiona kwa mpiga picha wa mtaa wa pili. Skrini yake ukiitazama ni kama umefutiwa miwani. Ya Windows ndiyo tuliyokulia, programu yetu ya kuchorea inaingia humo, na fundi wake hukosi ukitoka tu nje. Zote mbili zinachora mstari ulionyooka. Mimi ningejiuliza kitu kimoja tu: kazi yangu iko wapi? Ikiwa iko huko, chukua ya huko. Ikiwa iko hapa, chukua ya hapa. Siwezi kukuchagulia.

Ila usisahau, kununua ya Windows peke yake hakutoshi. Programu yetu haifunguki bila kiufunguo kile cha kuchomeka, viko viwili tu, na aliyetuuzia alishafunga biashara. Kimoja kiko kwenye mashine yangu. Chako bado kimechomekwa nyuma ya mashine yako, meza ya dirishani, ulivyokiacha. Kila Ijumaa nafuta vumbi, naiwasha nusu saa isije ikashika ukungu, halafu nazima. Ukikitaka kiufunguo, sema nikutumie. Mpaka useme, sitakigusa.

Kazi zipo. Nina ukumbi wa shule na nyumba mbili za kawaida. Kwenye ujenzi nakwenda mwenyewe, ngazi napanda mwenyewe. Usijali.

Dada yako


Tarehe 21 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimecheka mpaka jirani wa pembeni akagonga ukuta. Ni mara ya kwanza kuwasiliana na mtu humu ndani.

Ushauri wako nimeuelewa, ingawa umenirudishia swali langu mwenyewe. Nimeendelea kuzipima hizi mbili. Mac ni nyepesi, unaibeba kama daftari. Ukiifunua inaamka hapo hapo, haina kelele ya feni, na ukiiweka karibu na dirisha mwanga hauisumbui. Tatizo ni waya wake wa umeme, mfupi kidogo, haufiki kitandani. Lazima usogeze meza. Jamaa wa mitambo ofisini anasema unaweza hata kuiweka Windows ndani yake, lakini nilipomweleza kuhusu kiufunguo chetu, akakuna kichwa. Anasema cha zamani namna hiyo hakitatambulika humo. Kwa hiyo mtu akichukua Mac, michoro ya nyuma aisahau.

Ya Windows nayo ina raha zake. Bado napima.

Shuleni wanataka ukumbi wa viti vingapi? Nguzo za katikati usiwakubalie, zitawaziba watoto wasione mbele. Na hizo ngazi za ujenzi, dada, tafadhali. Chukua mtu wa kukushikia.

Jumapili nilikwenda ofisini ingawa hakuna kazi. Kule angalau kuna mlinzi. Tuliongea habari za mvua.

Mrefu


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Naandika kwa kompyuta kwa sababu nataka kuzoea kuchapa haraka. Shangazi hajambo. Mimi sijambo. Ukumbi wa shule umesimama kwa muda, wanatafuta fedha.

Kuhusu kompyuta, sina la kuongeza.

Dada yako


Tarehe 18 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaimaliza kabla sijavua viatu. Mistari saba. Niliigeuza nyuma nikidhani kuna mwingine. Umeniandikia kama unavyowaandikia wateja wanaosumbua, na hata jina hukulisaini kwa mkono. Kama nimekukosea, nikanye. Umenikanya tangu nina miaka minne, leo unaniogopa nini?

Nilikuwa nimejiandaa kukusimulia mambo mengi. Kwamba kiti cha juu kimenyamaza wiki nzima, nikapanda kuuliza, nikaambiwa mwenyewe alihama tangu mwanzo wa mwezi. Mtu nimeishi chini yake mwaka mzima, na nilichomjua nacho ni kiti tu. Nilirudi chumbani nikakaa. Ilipofika saa kumi na mbili nikajikuta natazama juu.

Ofisini tunakwenda. Bosi anasema nina mkono mzuri wa ngazi na paa, na kwamba miaka mitatu si mingi. Basi.

Mrefu


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Utaona mwandiko umelala kama umelewa. Naandika kwa mkono wangu wa kulia, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Sikutaka kukwambia, ila umenililia. Tarehe nane Machi niliteleza kwenye ngazi ya ukumbi wa shule, nikaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Wiki saba za plasta ngumu. Ile barua ya mistari saba niliichapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, ilinichukua asubuhi nzima. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka.

Sasa nikueleze kilichokuwa kigumu. Maumivu nilipewa dawa. Kigumu kilikuwa kufunga kilemba. Siku ya kwanza nilijaribu kwa meno na mkono mmoja mbele ya kioo mpaka nikakaa chini nikacheka, halafu kucheka kukageuka. Shangazi vidole vyake havishiki tena, unajua. Nilikwenda kuonana na wateja nikiwa na kofia ya mvua, jua linawaka. Na nilipokuwa nimekaa mezani siwezi kushika kipanya, nilikuwa natazama meza yako, nikasema mwenyewe kwa sauti, "Angekuwepo angechora yeye, mimi nimwambie tu."

Hilo moja. La pili.

Mimi ni mchoraji, Mrefu. Kitu kisichochorwa pia nakiona. Uliniuliza ununue kompyuta gani. Mwezi uliofuata ukaniambia ile Mac inaamka vipi, mwanga unaipiga vipi, waya wake haufiki kitandani kwako. Mtu hajui kwamba waya haufiki kitandani mpaka awe ameuvuta. Halafu bosi wako anasema miaka mitatu si mingi, nawe unaniandikia "basi".

Kompyuta iko mezani kwako tangu lini? Na miaka mitatu ya nini? Andika. Usinizunguke.

Dada yako


Tarehe 8 Juni

Dada,

Shikamoo, na pole. Pole ya Machi, ya Aprili na ya Mei, zote pamoja. Nimesoma kuhusu kilemba nikaweka barua chini, nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Mac iko mezani tangu tarehe ishirini na sita Januari. Ofisi inampa mashine ya kwenda nayo nyumbani mchoraji anayesaini mkataba wa miaka mitatu. Nilipokuandikia Januari, karatasi ya mkataba ilikuwa kwenye mkoba wangu. Bosi alikuwa amenipa wiki mbili za kufikiri. Barua yako ilikuwa haijafika.

Aliniita ofisini kwake. Akaniambia, "Wewe mbona husaini? Kwenu kuna mtu anakungoja?"

Nikamwambia, "Yuko dada yangu. Lakini yeye si mtu wa kungoja mtu."

Akasema, "Basi unangoja nini?"

Nikasaini. Kalamu yenyewe ilikuwa ya kwake. Nikapewa boksi, nikalibeba mpaka ghorofa ya tatu, nikaliweka juu ya meza, na sikulifungua siku nne. Barua yako ya Februari ilipofika, nilitafuta neno moja tu ndani yake. Umeandika habari za vumbi, za ukungu, za nusu saa kila Ijumaa. Neno rudi halimo.

Mimi sikuwa nauliza habari za kompyuta, dada. Nilitaka uniambie chukua ya hapa. Ungeniambia hivyo, hata kwa barua iliyochelewa, ningekwenda kumrudishia bosi boksi lake nikiwa nakimbia. Najijua. Na kwa sababu najijua, sikukuambia kwamba nimeshasaini. Niliona aibu.

Sasa imekuwa. Ni miaka mitatu. Kiufunguo sijui nikuambie ufanye nacho nini.

Mrefu


Tarehe 29 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua umehesabu. Ni miezi mitatu na zaidi. Nimeandika barua nne na kuzichana, za kwanza mbili zilikuwa na maneno mabaya. Shukuru posta hawakuzipata.

Shangazi anakusalimia. Sasa anavaa kifaa cha sikio, na tumegundua alikuwa anasikia zaidi ya tulivyodhani.

Nianze na langu. Unasema ungeambiwa rudi ungerudi. Mimi nami nilikuwa nakaa na barua yako nasema, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, akitaka kurudi si atasema? Siku unaondoka uliniambia mlangoni kwamba umechoka kufanya kazi huku ukitazamwa. Nilikusikia. Nikajiapiza sitakuita, usije ukarudi kwa ajili yangu halafu ukanitazama kwa jicho lile la siku ile. Basi nikawa nafuta vumbi. Nilidhani vumbi litakufikishia ujumbe. Nilikungoja, Mrefu. Bosi wako mpe jibu hilo, hata kama halimsaidii kitu.

Sasa habari za ofisi. Nimepata mtu. Ni mama wa makamo aliyekuwa akichora ramani za mabomba ya maji, idara yao ikafungwa. Shangazi anamwita Mama Mabomba, naye ameitika. Alikuja mwisho wa Mei kuomba nimchapishie karatasi za kutafutia kazi, akanikuta nahangaika na kilemba, mkono bado haujapata nguvu. Hakuuliza. Alinigeuza kwa mabega, akanifungia, akasema, "Sasa hizo karatasi." Kesho yake akaja tena. Na kesho yake. Wiki mbili hakukaa kwenye meza yako, alichorea kwenye kona ya meza yangu, magoti yetu yanagongana. Siku moja akaniuliza, "Ile ya dirishani ni ya nani?"

Nikasema, "Ya mdogo wangu."

"Anarudi lini?"

Siku hiyo barua yako ya Juni ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia, "Kaa tu."

Amekaa. Kiufunguo chako ndicho anachochorea. Sikukitoa mahali pake, nimempa kiti tu. Amesogeza meza kidogo upande wa ukuta kwa sababu mwanga ulikuwa unamwumiza, na alama za miguu ya meza zimebaki sakafuni. Siku za kwanza nilikuwa nazikwepa kuzikanyaga. Sasa napita.

Nilimweleza kwamba huwezi kuifungua michoro yetu huko. Akaanza, bila kuombwa, kuigeuza yote kuwa PDF, mmoja mmoja, wakati wa mapumziko ya mchana. Imemchukua Julai, Agosti na nusu ya mwezi huu. Iko yote kwenye flashi niliyoifunga ndani ya bahasha hii, mia mbili na kumi na miwili. Itafunguka kwenye mashine yoyote.

Yule nesi tuliyemchorea nyumba miaka saba iliyopita akakwama kujenga, amekuja wiki iliyopita. Sasa yuko tayari. Mafundi wanaanza mwezi wa kumi na moja.

Usipite siku bila kula kitu cha moto.

Dada yako


Tarehe 23 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Bahasha imefika salama. Shangazi nimemtungia orodha ya mambo niliyowahi kusema mbele yake, atusamehe wote.

Sina la kujitetea. Nimesoma barua yako mara nyingi, na pale uliposema ulinisikia mlangoni, ni kweli nilisema. Nilitaka unijibu. Wewe ukanishikia mkoba mpaka barabarani.

Leo ni Jumapili. Sikwenda ofisini. Juu amehamia mtu mwingine, huyu ana watoto, wanakimbia tangu asubuhi. Nimechomeka flashi na kuifungua yote, kuanzia kile kibanda cha saluni tulichochora mwaka wa kwanza, ambacho mwenye saluni alisahau kutuambia kwamba anataka mlango. Ya kwako naijua kwa unene wa mistari, ya kwangu kwa maandishi ya pembeni. Skrini inaonyesha kila kitu, hata pale tulipoandika vipimo kwa haraka. Mchana umepita sijanyanyuka.

Nilipofika nyumba ya nesi niliona kosa. Mchoro ni wangu, na kosa ni langu. Mlango wa jikoni ukifunguka unagonga mlango wa stoo, mtu aliyebeba sufuria hapiti. Sijui miaka saba tulikuwa tunatazama wapi. Nilishika kipanya, nikaubofya mlango, nikauvuta. Ukabaki palepale. Nikabofya tena. Nikajaribu kwa mstari wa ukuta, nikajaribu kwa herufi moja tu ya jina langu pale pembeni. Ninaweza kuitazama yote mia mbili na kumi na miwili, dada, kwa ukubwa ninaotaka. Hakuna mstari hata mmoja unaonisikiliza.

Halafu nikachukua karatasi hii.

Msalimie mwenzako. Mwambie asante kwa mapumziko yake ya mchana, na kwa kilemba. Kisha mwambie afungue nyumba ya nesi, ukurasa wa pili, auhamishe mlango wa jikoni sentimita arobaini upande wa dirisha na aufungulie nje. Afanye wiki hii, mafundi wasije wakaanza kupanga matofali.

Mdogo wako,
Mrefu